Wifi, Kitanda cha Ukutani Bado Kiko Wazi

Wifi yangu uliyeko Bukoba,

Sianzi na salamu. Simu za salamu nimeshakupigia sana, na kila nikipiga ananijibu yule dada wa mtandao kwamba hupatikani. Kwa hiyo nakuandikia hadharani, ili hata usiposoma wewe, walimu wenzako wasome wakupelekee, maana walimu nawajua. Jina lako sitaliandika, na la kaka yangu sitaliandika. Wanaotujua watatujua. Wasiotujua wachukue la kuwafaa, hasa wanawake wa umri wetu wanaomeza dawa za malaria wakati mbu hana kosa.

Naandika nikiwa nimesimama. Karatasi iko juu ya rundo la viti, hapa uani kwangu Mkolani, na wapakiaji wanapakia kenta. Viti mia mbili, maturubai mawili, masufuria makubwa sita na miiko yake. Unajua vinakwenda wapi? Vinakwenda Magu, kwenye harusi ya kaka yangu. Dereva ameniachia kiti cha mbele. Nimeshavaa gauni la sherehe na nimeshalilowesha mgongo mzima, na saa nne bado haijafika.

Kwa hiyo umeshaelewa: joto limerudi. Limerudi na hasira zake zote, na nusu ya hasira hizo ni zako.

Lakini ngoja nianzie pale tulipoanzia, kwenye msiba wa yule mzee wa karibu na shule yako ya huku. Wewe ulikuwa umekaa mkekani mbele yangu, mimi nyuma yako, sote tumejifunga khanga juu ya magauni. Mimi marehemu sikumfahamu hata sura. Nilikuwepo kwa sababu viti vilikuwa vyangu, na mwenye viti asipokaa macho, vinarudi pungufu. Wewe ulikuja kwa sababu mjukuu wake alikuwa darasani kwako. Katikati ya sala nikasikia moto unaanzia kifuani, unapanda shingoni, unaingia mpaka masikioni, kama mtu amenifunulia sufuria la ubwabwa usoni. Nikainama mbele nikuombe kitambaa, nikaona shingo yako inameta. Ulikuwa unajipepea na sahani ya plastiki kama unafukuza nyuki.

Mama mmoja akakushika bega. "Jikaze mwalimu. Mungu ndiye aliyepanga." Akanigeukia na mimi. "Na wewe Mama Kulwa, jikaze, utaumwa bure."

Ukageuka. Ukaniona nilivyolowa, nikakuona ulivyolowa, na kicheko kikatushika pale pale mbele ya jeneza. Tukajifunika khanga usoni, mabega yanatikisika. Yule mama akawaambia wenzake kwa huzuni kabisa, "Jamani, hawa walimpenda marehemu."

Mpaka siku ile kila mmoja wetu alikuwa anaugua malaria yake peke yake. Nyumba zetu zinatazamana, na bado hukuniambia, wala mimi sikukwambia. Sisi watu wa huku joto la mwili tumelipa mwenyewe mmoja tu, malaria. Likija, unakwenda maabara kutobolewa kidole. Unakumbuka yule kijana wa maabara? Nilimwambia mbele yako, "Angalia vizuri."

"Nimeangalia, mama. Hamna wadudu."

"Basi wamejificha."

"Mama, wadudu hawajifichi mara tatu."

Nikatoka pale nimenuna, nikanunua dawa ya mseto, nikaimeza yote. Wewe msomi, mwenye cheti ukutani, ukafanya vile vile, ukaongeza na dawa ya taifodi juu yake. Tulikunywa dawa za ugonjwa wa mbu huku hedhi ndiyo inatuaga, na hakuna aliyetufundisha kuagana nayo. Mama yangu alikuwa akiamka anakaa mlangoni anajipepea na ungo, nikimuuliza anasema, "Leo mvua itanyesha." Kumbe haikuwa mvua. Namdai maelezo na hayupo wa kuyatoa.

Daktari wa hospitali ndiye aliyetutajia jina lake: ukomo wa hedhi, na yale ni majoto yake ya ghafla. Akasema kuna dawa za homoni, zinasaidia sana, lakini mimi siwezi kupewa kwa sababu ya mguu wangu uliowahi kuganda damu nilipojifungua Kulwa na Doto. Wewe ungeweza kupewa. Nilikuwepo, nilisikia. Ukamwambia daktari, "Tutakaa tuzungumze." Nje ya mlango ukanishika mkono ukasema, "Hatuwezi kuugua pamoja halafu nipone peke yangu. Watasema Wahaya tuna ubinafsi."

"Wanasema tayari," nikakujibu.

Neno lile nimelibeba mpaka leo, Wifi. Ndiyo maana nina haki ya kukukasirikia.

Habari za sindano ulizileta wewe. Mwalimu mwenzako alitibiwa mgongo kwa sindano kule Pasiansi, kwa tabibu aliyesomea China, na akakwambia pale wanatibu hata majoto. Mimi nilikataa. Nilikwambia sindano ninayoijua inaingia na dawa, hii inayoingia kavu inaingia kufanya nini? Ukanicheka. "Nyie Wasukuma mmezoea kumchoma ng'ombe alama na moto, leo zamu yenu ya kuchomwa sindano nyembamba kama unywele mnalia."

"Na nyie Wahaya," nikasema, "hata mkiungua lazima mtafute moto wa ng'ambo."

Tukaenda. Tabibu ni mama wa makamo, mzaliwa wa Sengerema, mpole, lakini maswali yangu hakuyakwepa. Nikamuuliza sindano hizi zimeshamchoma nani. Akachukua pakiti iliyofungwa, akaichana mbele yangu, akasema zikitoka mwilini zinaingia kwenye kopo la taka na hazirudi tena. Nikamuuliza kama anatuahidi kupona. Akasema, "Siahidi. Wako wanaopata nafuu kubwa, wako wanaopata kidogo, na wako ambao hawaoni kitu. Tujaribu mara mbili kwa wiki, muone." Hapo nikampenda. Katika biashara yangu anayeahidi haraka ndiye anayerudisha viti vimevunjika miguu.

Kitanda cha dirishani kikawa changu na cha ukutani kikawa chako, kati yetu pazia lenye maua ya njano. Kutoka kwangu naliona ziwa kwa upenyo, kati ya paa la bati na yale mawe makubwa. Kutoka kwako ulikuwa unaona ukuta. Ulisema haina shida, umekaa miaka mingi ukitazama ubao.

Nilihesabu zangu. Mbili kwa ndani ya miguu, juu kidogo ya kifundo. Mbili chini ya magoti. Mbili kwenye vifundo vya mikono, pale yanapopiga mapigo. Nyingine tumboni na masikioni, na ya mwisho utosini. Kumi na tatu. Haziumi, hilo nawaambia wanaosoma. Unasikia kitu kinavuta kwa mbali, halafu ganzi nzito, halafu mwili unakuwa kama gunia lililotuliwa chini. Kazi ngumu ni kutojitikisa. Mimi, ambaye tangu nifiwe na mume wangu sijawahi kulala mchana, nikalazwa nusu saa saa tisa alasiri, siruhusiwi hata kujikuna. Kila tabibu alipokuja kuzitoa nilikuwa nazihesabu kwa sauti, na wewe nyuma ya pazia unaniitikia kama darasa la kwanza. "Kumi na moja! Kumi na mbili!" Tabibu akasema hajawahi kupata mgonjwa anayemkagua.

"Ni mwenye viti," ukamwambia. "Hata mbinguni atauliza vimeingia vingapi."

Ngoja. Dereva anauliza turubai la pili lipakiwe au libaki. Nimemwambia apakie. Na mimi nimekwenda kusimama nyuma ya tangi la maji, kuna kaubaridi kidogo pale. Nimerudi. Niliishia wapi?

Nilikuwa nataka kusema kwamba lilipungua. Kabla ya sindano nilikuwa nabadilisha blauzi tatu mpaka saa sita mchana. Baada ya majuma machache ikawa moja, na siku nyingine ile ya asubuhi ikanifikisha jioni. Nilikuwa nalala. Nilikuwa nacheka na wateja. Hata yule mama wa kanisani aliyenirudishia masufuria yameungua, nilimwambia tu asante. Ulishangaa. Ulisema, "Huyu tabibu amekuchoma mpaka roho."

Na tulikuwa tunazungumza. Hilo ndilo sikulihesabu. Miaka yote ya kuishi jirani tulikuwa tunazungumza tukiwa tunafanya kitu: tunachambua mchele, tunafunga maturubai, tunapika msibani. Nilipoanza na viti vyangu kumi na viwili ulinisaidia kuvipeleka kwenye kazi ya kwanza, mwalimu mzima na viti vinne kichwani, wanafunzi wako wanakutazama. Hata siku ile hatukuzungumza, tulihema tu. Pale Pasiansi tulikuwa hatuna kingine cha kufanya. Ukanieleza habari za mama yako na migomba yake. Nikakueleza habari za upweke wangu, ambazo sijawahi kumweleza mtu, na nilizieleza pazia. Nilidhani na wewe ulikuwa unanieleza kila kitu.

Sasa nafika kwenye lawama.

Siku ile tabibu alinichoma zote, akakuchoma zote, akatoka kwenda chumba cha pili. Ukaniita.

"Wifi."

"Nini tena."

"Umeshachomwa ya utosini?"

"Nimeshachomwa. Kwani wewe bado?"

"Nimeshachomwa. Basi tulia hivyo hivyo. Naondoka kwa kaka yako."

Nilitaka kuinuka. Niliinua bega tu, na zile za miguuni zikanivuta kama ndoano.

"Usiinuke!" ukasema. "Zitapinda."

"Wewe unasema nini?"

"Nasema naondoka. Nimengoja ulale ndiyo nikwambie. Toka nimekujua hujawahi kunisikiliza ukiwa umetulia. Nikianza tu kukwambia jambo, umeshachukua mkoba, umeshapanda gari, umeshafika Magu kumgombeza, na mimi bado sijamaliza sentensi. Leo utanisikiliza mpaka mwisho."

Na ukaniambia. Nikiwa nimelala chali nimejaa vyuma, natazama dari lina doa la maji, ukaniambia kwamba kaka yangu alishahamishia nguo zake Magu, kwenye mashine yake ya kukoboa mpunga, na kwamba hayuko peke yake kule. Kwamba ugomvi ulianza na dirisha: wewe unafungua kwa ajili ya joto, yeye anafunga kwa ajili ya mbu, mpaka akaanza kulala sebuleni. Kwamba siku moja mezani, mbele ya wageni wake wa biashara, alipoulizwa hali ya mwalimu alisema, "Huyu kwangu ameshastaafu, kabla hata ya serikali kumstaafisha." Wakacheka. Na wewe ukawapakulia ugali.

Nilisikia jasho linatoka, na halikuwa la ukomo wa kitu chochote. Nikakuuliza kwa nini hukuniambia mapema. Ukasema, "Nakwambia sasa." Nikakwambia nitamrudisha, nitamshika sikio kama alipokuwa mdogo. Ukasema, "Unaona? Umeshasimama, kichwani mwako." Halafu tabibu akaja kuzitoa, na siku ile sikuhesabu. Mpaka leo sina hakika kama zilitoka zote.

Hilo la kwanza. La pili ni hili. Uliniomba nisimwambie mtu mpaka mambo yako yakae sawa. Nikanyamaza, mimi nisiyejua kunyamaza. Baada ya muda nikaona mlango wako umefungwa kufuli, na jirani ananiletea ufunguo kwenye bahasha kama barua ya deni. Uliwaaga watoto wa darasa lako, waliimba, nimeambiwa. Ulimuaga muuza nyanya. Mimi uliniachia ufunguo.

Nikakaa nikapiga hesabu. Uhamisho wa mwalimu haupatikani kwa wiki moja, Wifi. Kuna maombi, kuna sahihi ya mkuu wa shule, kuna wilaya hii na wilaya ile. Nikarudi nyuma, nikarudi nyuma, nikaona kwamba ulianza kuandika kabla hatujakanyaga Pasiansi mara ya kwanza. Jumla yake ni kwamba siku zote zile unaniitikia "kumi na moja, kumi na mbili," wewe ulikuwa umeshaondoka. Nilikuwa nazungumza na pazia kweli kweli.

Na ukoo umenigeuzia kibao mimi. Shangazi alinipigia simu. "Ulijua mkewe anaondoka ukanyamaza. Wewe ni dada wa namna gani?" Nikamwambia zilizoondoka kwanza ni nguo za kaka. Akasema wanaume nguo zao hutembea. Kaka mwenyewe hakunisalimia mpaka alipohitaji viti.

Nilienda Pasiansi peke yangu. Usidhani sikuenda. Tabibu yule yule, kitanda kile kile, kumi na tatu zile zile, nimehesabu. Kitanda chako alilala mama mmoja wa kipandauso aliyekoroma vizuri tu. Nikarudi nyumbani, na kesho yake blauzi zikawa mbili, kesho kutwa tatu. Nikamrudia tabibu nikamuuliza kama sindano za safari hii ni za kiwanda kingine.

Akanionyesha pakiti. Ile ile. Akasema, "Mama, naweza kukwambia maneno mengi ukaridhika, lakini sijui. Kuna wanaotulizwa na sindano. Na kuna wanaotulizwa na ile nusu saa. Mimi natibu vyote kwa pamoja, sijui kuvitenganisha."

"Na mimi ni yupi?"

"Mwenzako yuko wapi?" akauliza.

Nilisema nina kazi, nikaondoka, na sijarudi. Mimi ni mtu wa hesabu na hii inanisumbua: kama nafuu ilikuwa ya sindano, ingebaki. Kama ilikuwa ya kulala, nalala hata nyumbani. Nikitoa hiki na kile, kilichobaki ni wewe, na wewe uko upande wa pili wa ziwa.

Dereva amepiga honi. Mara ya kwanza. Namwambia dakika kumi.

Sikiliza sasa, maana hapa ndipo ninaposhindwa kutulia. Kaka alipokuja kuomba viti nilimwambia viti ni biashara, atapewa kama mteja mwingine yeyote. Hakukataa. Halafu akasimama mlangoni, anageuza geuza funguo za gari, akasema, "Na wewe ndiye wa kumpokea."

Unajua maana yake. Katika ukoo wetu dada wa bwana harusi ndiye anayempokea bibi harusi mlangoni. Anamfunga khanga kiunoni, na anamwita mbele ya watu, kwa mara ya kwanza, wifi. Kabla ya hapo yule ni mgeni. Baada ya hapo ni wetu. Wazee wanangoja lile neno, na wasipolisikia hawakai kula. Mimi ndiye dada pekee aliyebaki. Nisiposema mimi, hakuna wa kusema.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu nilipokupokea wewe pale pale Magu. Ulikuwa umetoka melini, halafu barabara ya vumbi, nywele zako nzuri za mjini zimekuwa nyekundu. Wazee wamejipanga. Nikakufunga khanga kwa nguvu zangu zote, fundo juu ya fundo, nikasema, "Wifi." Wakapiga vigelegele. Na wewe, msichana wa Kihaya usiyejua kuogopa, ukaninong'oneza sikioni, "Mbona umenifunga kama mzigo wa pamba?"

Nikacheka mbele ya wazee. Nilikemewa mwaka mzima.

Shangazi anasema siku hizi wifi ni yule anayekaa kwenye nyumba. Ukitoka, umetoka na jina lako. Nimelifikiria hilo wakati naosha masufuria, wakati nahesabu viti, wakati nimesimama mbele ya friji ya duka najifanya nachagua soda. Kwenye kazi yangu kuna vitu vya kuazimisha na kuna vitu visivyoazimishwa. Kiti kinatoka kwa huyu, kinarudi, kinakwenda kwa yule, hakina kinyongo. Neno lile je? Nililitoa kwako mbele ya watu. Nalirudishaje, nalipangusaje vumbi, nampaje mwingine? Binti wa watu hana kosa na mimi, simchukii, na atapata wa kumpikia uji. Lakini yule ataitwa na mdomo mwingine.

Honi tena. Dereva ameshuka, amekuja hadi hapa kwenye viti.

"Mama Kulwa, tunachelewa. Bibi harusi atapokelewa na nani?"

"Pakia hivi vilivyobaki uende."

"Na wewe?"

"Viti vinakwenda. Mimi sijasema nakwenda."

"Kaka yako ataniuliza."

"Mwambie hivi: dada yako alishapokea mara moja."

Akanitazama kama mtu aliyeona ng'ombe juu ya bati. "Na vitahesabiwa na nani huko, Mama? Wewe viti vyako hujawahi kuviachia mtu."

"Watahesabu wao."

Ameondoka. Nasikia kenta inabadilisha gia pale kwenye mteremko. Vumbi limeingia mpaka kwenye karatasi, ukiona madoa usidhani ni machozi, ni vumbi, na kidogo ni jasho.

Nimezuia kiti kimoja. Kwa hiyo vimekwenda mia moja tisini na tisa, na mmoja wa wageni wa kaka yangu atasimama. Hiki kimoja nimekiweka katikati ya uwanja mtupu, na nimekaa. Ulisema sijawahi kukaa. Basi niandikie hilo kwenye daftari lako la mahudhurio: leo asubuhi nimekaa, na joto limekuja, na sikuinuka. Limepanda mpaka masikioni, likakaa, likashuka. Halikuniua. Jasho likakauka lenyewe na upepo wa ziwani.

Nina hasira na wewe. Nataka ujue kwamba kukaa kwangu hakujaziondoa. Sijaridhika na ufunguo kwenye bahasha, sijaridhika na hesabu ya uhamisho, na nina maneno ambayo siwezi kuyaandika mahali ambapo wanafunzi wako watasoma. Siombi urudi kwa kaka yangu. Akija kukuomba yeye, mwambie nyumba ina madirisha, ajifunze kuyafungua. Nyumba yako imefungwa na nimeitia kufuli yangu, hakuna atakayelala humo.

Ninachotaka ni hiki. Shule zinafungwa wiki hii, ratiba yenu naijua, usiniambie una vipindi. Alhamisi saa tisa nitakuwa Pasiansi, kitanda cha dirishani. Cha ukutani nimempigia tabibu simu sasa hivi, nimemwomba asimpe mtu, hata awe na kipandauso cha namna gani. Panda meli. Njoo ulale, uchomwe zako zote, polepole, mpaka ile ya utosini. Tabibu akishatoka nitakuita, na safari hii nitasema mimi, mwanzo mpaka mwisho, na wewe ndiye hutaweza kuinuka.

Mimi niliyekufunga kama mzigo wa pamba, na sijakufungua,

Wifi yako.